Kabla ya Kubadilisha Goti, Ini Lipimwe Kwanza

Mgonjwa wa goti hujulikana kabla hajafungua mdomo. Huingia kliniki akishika ukuta, hutafuta kiti kirefu, na akikalishwa kwenye benchi fupi huomba mkono wa kumwinua. Mgonjwa wa ini hatambuliki kirahisi hivyo. Ini linaweza kuharibika kwa miaka 10 au 20 bila maumivu na bila manjano machoni, huku mwenyewe akiendelea kulima, kuuza sokoni na kulea wajukuu. Hatari huja pale magonjwa haya mawili yanapokutana katika mwili mmoja, na daktari wa mifupa akasimuliwa habari za goti peke yake.

Na hukutana mara nyingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini ya kudumu aina ya B, na milioni 50 aina ya C. Asilimia 63 ya maambukizi mapya ya aina ya B yalitokea katika kanda ya Afrika. Kandokando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hukwama kwenye mishipa ya ini na kuacha makovu. Mijini kuna ini lenye mafuta, linaloandamana na kisukari na unene, na unene huohuo ndio unaosaga magoti. Juu ya hayo kuna pombe.

Wengi wenye ugonjwa wa ini wanaweza kubadilishiwa goti na wakatembea vizuri. Upasuaji huo hufanyika hapa kwetu, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam na Hospitali ya PCEA Kikuyu nchini Kenya. Jina la ugonjwa wa ini peke yake halimfungii mtu mlango. Kinachoamua ni nguvu iliyobaki ndani ya ini, na nguvu hiyo hupimika. Goti lililosagika huumiza na hudhalilisha, lakini ni nadra kuua. Upasuaji wake hupangwa, na tarehe yake inaweza kusogezwa hata miezi 6 ikiwa miezi hiyo italiimarisha ini.

Ini linahusikaje na goti?

Upasuaji wa goti huondoa sehemu za mfupa zilizosagika na kuweka kiungo cha chuma na plastiki ngumu. Kazi yenyewe huchukua saa moja hadi mbili. Katika muda huo na siku zinazofuata, mwili hulitegemea ini kwa mambo manne.

La kwanza ni damu. Ini hutengeneza sehemu kubwa ya protini zinazogandisha damu. Likisinyaa, protini hizo hupungua. Aidha, makovu huziba njia ya damu inayopita ndani yake, bandama huvimba, na chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, hunaswa humo. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii huhitaji kuongezewa damu mara nyingi kuliko mwingine.

La pili ni maambukizi. Ini huchuja vijidudu vinavyotoka utumbo na hutengeneza protini za kinga. Lisipofanya hivyo, vijidudu hupata nafasi ya kujificha kwenye chuma cha goti, mahali ambapo dawa huvifikia kwa shida. Goti bandia likiambukizwa, mara nyingi hulazimika kufunguliwa tena, na wakati mwingine kuondolewa kabisa.

La tatu ni dawa. Dawa nyingi za usingizi na maumivu huvunjwavunjwa na ini. Lisipoziondoa kwa wakati hujikusanya, na dozi iliyomtuliza jirani inaweza kumlaza huyu siku nzima akiwa amechanganyikiwa.

La nne ni kupona kwenyewe. Jeraha hufungwa kwa protini. Mtu ambaye ini lake limechoka huwa amepoteza misuli, na goti jipya bila misuli ya paja halimbebi mwenyewe.

Vipimo vya kuomba na namna ya kuvisoma

Mwaka 1964 madaktari Child na Turcotte waliandika utaratibu wa kupanga wagonjwa wa ini kwa ukali wa hali zao. Mwaka 1973 Pugh na wenzake wa Hospitali ya King's College, London, waliuboresha. Mpaka leo unatumika kote duniani kwa jina la Child-Pugh, na una uzuri mmoja mkubwa: hauhitaji mashine ya gharama. Hutazama mambo matano, kila moja likipewa alama 1 hadi 3.

Mambo hayo ni bilirubini, yaani rangi ya manjano katika damu, albumini, protini inayotengenezwa na ini, INR, kipimo cha kuganda kwa damu, maji tumboni, na kuchanganyikiwa kwa akili kunakotokana na ini. Jumla ya alama 5 au 6 ni kundi A, 7 hadi 9 ni kundi B, na 10 hadi 15 ni kundi C.

Uzito wa makundi haya ulionekana katika tafiti mbili za Marekani za upasuaji wa tumbo kwa watu wenye ini lililosinyaa, za mwaka 1984 na 1997. Katika kundi A walikufa takriban 10 kwa kila 100. Kundi B kama 30. Kundi C zaidi ya 75. Huo ulikuwa upasuaji wa tumbo, tena mwingine wa dharura, na tiba imepiga hatua tangu wakati huo. Goti si tumbo. Hata hivyo, ngazi ni ileile: kundi A kwa kawaida huruhusiwa, kundi B hutengenezwa kwanza, na kundi C hushauriwa kuachana na upasuaji wa kupanga.

Kipimo cha pili ni MELD, kilichobuniwa katika Mayo Clinic nchini Marekani na kuanza kutumika huko mwaka 2002 kupanga foleni ya wanaosubiri kupandikizwa ini. Huchanganya bilirubini, INR na kreatinini ya figo. Madaktari wengi huona alama chini ya 10 zinavumilika, 10 hadi 15 zinadai tahadhari kubwa, na zaidi ya 15 zinatosha kuahirisha upasuaji usio wa dharura. Mwaka 2021 kilitangazwa kipimo kingine kiitwacho VOCAL-Penn, kilichotokana na kumbukumbu za maelfu ya wanajeshi wastaafu wa Marekani. Ubora wake ni kwamba huuliza aina ya upasuaji, na upasuaji mkubwa wa mifupa una nafasi yake. Kinapatikana bure kwenye mtandao, na daktari anaweza kukijaza mbele ya mgonjwa kwa dakika chache.

Mifano miwili ya kubuni itafafanua. Mama wa miaka 63 wa Ukerewe aliyeugua kichocho kwa miaka mingi ana albumini 38, bilirubini 20, INR 1.2, hana maji tumboni na akili yake iko timamu. Kila jambo linampa alama 1. Jumla 5, kundi A. Lakini bandama yake ni kubwa na chembe sahani zake ni 65,000 badala ya 150,000 au zaidi. Ini lake linafanya kazi. Hatari yake iko kwenye damu, na pengine kwenye mishipa iliyovimba ndani ya umio. Huyu anahitaji kipimo cha kamera ya tumbo na mpango wa damu kabla ya kisu.

Mzee wa miaka 66 mwenye homa ya ini B ana albumini 30, bilirubini 40, maji kidogo tumboni, INR 1.5 na akili timamu. Alama zake ni 8, kundi B. Akipelekwa chumba cha upasuaji mwezi huu, anabeba hatari ambayo ingeweza kupunguzwa. Akianzishiwa dawa ya virusi, tenofovir, akapewa dawa za kupunguza maji, akaacha pombe na kula vizuri, anaweza baada ya miezi kadhaa kurudi akiwa kundi A. Wapo wagonjwa wengi waliopanda namna hiyo kwa dawa za virusi peke yake.

Kwa hiyo orodha ya vipimo vya kuomba ni hii: picha kamili ya damu pamoja na chembe sahani, albumini, bilirubini, vimeng'enya vya ini, INR, kreatinini, chumvi za damu, vipimo vya homa ya ini B na C, na ultrasaundi ya tumbo. Ini likionekana limesinyaa, kamera ya umio nayo huongezwa.

Miezi ya kusubiri ifanyiwe kazi

Kuahirishiwa upasuaji kusichukuliwe kuwa ni kukataliwa. Mwenye homa ya ini C ana nafasi ya pekee, kwa sababu ugonjwa huo sasa hupona: vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya watu 95 kwa kila 100. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba waliotibiwa homa ya ini C kabla ya kubadilishiwa nyonga au goti walipata maambukizi machache ya kiungo kuliko wasiotibiwa. Mwenye aina ya B huendelea na dawa yake bila kukatisha, hata asubuhi ya upasuaji, kwa funda moja la maji. Kuiacha ghafla huweza kuamsha virusi. Mwenye kichocho hutibiwa kwa praziquantel.

Pombe ikomeshwe kabisa. Mbege, gongo, chang'aa na bia ya chupa zote hufika kwenye ini lilelile. Anayekunywa kila siku amwambie daktari ukweli, kwa maana kuikata ghafla wodini baada ya upasuaji huweza kuleta kutetemeka na degedege.

Mwenye uzito mkubwa anapopunguza kilo moja, goti hupunguziwa mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Hesabu hiyo ilipimwa mwaka 2005 kwa wazee wa Marekani wenye magoti yaliyosagika. Lakini apungue taratibu, wala asijinyime protini. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa goti zima. Mazoezi ya paja yaanze sasa: kukaa kwenye kiti, kunyoosha mguu, kuhesabu hadi tano, kushusha. Meno yaliyooza yang'olewe au yazibwe, vidonda vya miguu na fangasi vitibiwe, kwa kuwa humo ndimo vijidudu hupata njia ya kulifikia goti jipya.

Dawa za maumivu: hapa ndipo wengi huumia

Duka la dawa liko karibu kuliko hospitali. Goti likiwaka usiku, mtu hutumwa kununua diklofenaki, ibuprofeni au meloksikamu. Kwa mwenye ini lililosinyaa, dawa za kundi hili hubana damu inayokwenda kwenye figo, huzuia maji kutoka mwilini, na huchokoza tumbo linaloweza kuvuja damu. Huyo azikwepe kabisa, iwe vidonge au sindano. Tahadhari zaidi iwe kwa vidonge vya mchanganyiko vyenye diklofenaki na parasetamoli pamoja: mtu hudhani amenunua dawa nyepesi, kumbe amemeza zote mbili.

Watu wengi wenye ugonjwa wa ini huogopa parasetamoli, lakini ikitumiwa kwa kiasi ndiyo iliyo salama zaidi kwao. Kiwango kinachoshauriwa na wataalamu wengi ni gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500 vilivyogawanywa mchana na usiku. Hesabu hiyo ijumlishe na parasetamoli iliyojificha ndani ya dawa za mafua.

Tramadoli na mofini zina kazi baada ya upasuaji, kwa dozi ndogo na kwa nafasi ndefu. Kodeini haifai sana, kwa sababu ini ndilo huigeuza kuwa dawa yenye nguvu, na ini dhaifu huifanya kazi hiyo kwa kubahatisha. Dawa hizi zote hufunga choo, na choo kikifunga, sumu ya utumboni hupanda kichwani. Wenye ini lililosinyaa hupewa laktulosi ili wapate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Vidonge vya usingizi kama diazepamu viwekwe mbali.

Kuna pia dawa za asili na virutubisho vya viungo. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya umma mara kadhaa juu ya kirutubisho kiitwacho Artri King, kilichouzwa kama dawa ya asili ya maumivu ya viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye chupa, na mamlaka hiyo ilipokea taarifa za madhara ya ini na vifo. Mtu anayenunua unga au vidonge visivyo na anwani ya mtengenezaji, kisha goti likapoa ghafla baada ya siku mbili, ana sababu ya kujiuliza kuna nini ndani yake.

Chakula, na imani ya zamani

Kwa miaka mingi wagonjwa wa ini waliambiwa wasile nyama, mayai wala maharage. Ushauri huo umeachwa. Miongozo ya Ulaya ya lishe na ya ini sasa inataka mwenye ini lililosinyaa apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90, ambazo zinapatikana kwa samaki, mayai, maziwa, kunde, maharage na dagaa. Mwenye maji tumboni achague dagaa wasiotiwa chumvi, au awaloweke na kumwaga maji.

Kufunga chakula nako kuna madhara. Ini lililosinyaa haliwezi kuhifadhi sukari ya kutosha, hivyo usiku mmoja wa njaa huuchosha mwili wa mgonjwa kama siku 2 au 3 za njaa kwa mtu mzima wa afya. Dawa yake ni kula kitu kidogo kabla ya kulala, kama uji wa maziwa au viazi vitamu. Siku ya upasuaji, utaratibu wa kawaida ni kuacha chakula kigumu saa 6 kabla na maji matupu saa 2 kabla. Ndugu wa mgonjwa waombe awekwe wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo, asishinde na njaa hadi alasiri.

Siku ya kisu

Mazungumzo na daktari wa usingizi yafanyike siku kadhaa kabla, wala yasingoje kitanda cha upasuaji. Wengi hupendelea ganzi ya mgongo, kwa kuwa huepusha dawa nyingi za nusu kaputi. Ila kwa kawaida hutaka chembe sahani zisiwe chini ya 70,000 hadi 80,000 na INR isiwe juu sana, ili damu isije ikavujia kwenye uti wa mgongo. Mama wa Ukerewe mwenye 65,000 huenda akapewa usingizi kamili au akaandaliwa kwanza.

Ipo dawa ya kupunguza uvujaji wa damu, asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa na Utako Okamoto na mumewe Shosuke nchini Japani na kutangazwa mwaka 1962. Ni ya bei nafuu, na katika upasuaji wa magoti imethibitika kupunguza haja ya kuongezewa damu. Mgonjwa aulize kama inamfaa.

Jambo moja hukosewa hata na wataalamu: INR iliyopanda haimlindi mgonjwa wa ini dhidi ya damu kuganda miguuni. Ini linapodhoofika hupunguza protini za kugandisha na pia zile za kuzuia kugandisha, kwa hiyo mtu huyu anaweza kuvuja damu na bado akapata donge la damu mguuni. Anastahili kinga kama wengine, lakini dawa ichaguliwe kwa uangalifu. Rivaroksabani, kwa mfano, haitakiwi kwa kundi B na C.

Kurudi nyumbani

Kwa kawaida mgonjwa husimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake. Mazoezi ya kukunja na kunyoosha goti huendelea kwa wiki nyingi, na mwezi wa kwanza ndio mgumu kuliko yote. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa hupunguza uvimbe bila kuligusa ini. Nyumba nayo iandaliwe kabla: kiti cha kuweka juu ya choo cha kuchuchumaa, kitanda kilichoinuliwa, mkeka unaoteleza uondolewe. Goti bandia mara nyingi halikunji hadi mwisho, hivyo kuchuchumaa na kukaa chini kunaweza kusirudi. Mwislamu anaruhusiwa kuswali akiwa ameketi kitini, na Mkristo asione haya kubaki amekaa wengine wanapopiga magoti.

Katika wiki hizo familia iangalie mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwenye goti: usaha, wekundu unaoenea, homa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Kwenye ini: macho ya manjano, tumbo linalojaa, mkojo mchache, kinyesi cheusi kama lami, kulala mchana na kukesha usiku, maneno yasiyoeleweka. Dalili yoyote kati ya hizi ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Mzee anapoanza kuongea ovyo siku ya nne, watu husema ni uchovu au uzee; huenda ni ini linalozidiwa, na hutibika likiwahiwa.

Taabu hii ina faida yake. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulionyesha kwamba takriban magoti bandia 82 kwa kila 100 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa sababu hiyo inafaa kungoja ini litengemae kwanza, ili mwenye goti aishi miaka ya kulitumia.

Msomaji mwenye goti linalouma na ini lenye historia, fanya hivi wiki hii. Chukua mfuko, tia ndani yake kila unachomeza: vidonge, dawa za asili, virutubisho, hata vile ulivyopewa na jirani. Ongeza majibu yako yote ya vipimo vya damu na ultrasaundi. Uliza bima yako, iwe NHIF Tanzania au SHA Kenya, inalipia nini kati ya goti lenyewe, vipimo, damu na mazoezi. Kisha nenda kliniki ya mifupa, na kabla hujaonyesha goti, mwambie daktari: "Nina ugonjwa wa ini, naomba kujua niko kundi gani." Usikubali kupangiwa tarehe kabla hujajibiwa.